Nilisaga Kilichotaka Kuoshwa

Nianze na lililo zito, msomaji asije akadhani namzungusha. Sakafu ya mahali pa kutawadhia katika msikiti wa kijiji chetu niliimwaga kwa mchanga uliosagwa kutokana na chupa za mvinyo na pombe kali, na wazee wa msikiti sikuwaambia. Waliniuliza mchanga ule umetoka wapi. Nikawajibu, "Ni mchanga mbadala, unatengenezwa hapa hapa kisiwani." Kila neno la jibu hilo lilikuwa kweli, na jibu lenyewe lilikuwa la kudanganya.

Kijiji sitakitaja. Kiko upande wa kusini wa kisiwa cha Mafia, na aibu hii ni yangu peke yangu. Wakati huo nilikuwa mshika stoo katika hoteli ya watalii, na jioni nilikuwa katibu wa kamati ya mazingira ya kijiji. Kazi zote mbili zilinikutanisha na chupa. Mchana nazipokea zikiwa zimejaa, usiku narudishiwa zikiwa tupu, na kikao kikiitishwa naulizwa mimi zimetupwa wapi.

Asiyeishi kisiwani huenda asielewe chupa ina shida gani. Hata kwetu, chupa za soda na za bia za nchini hazikuwahi kuwa shida. Duka halikuuzii soda ya chupa mpaka utoe chupa tupu au uache pesa ya chupa. Kreti tupu hupangwa, hupakiwa chomboni, huvuka kwenda Nyamisati au Dar es Salaam, na mwishowe kiwandani chupa huoshwa na kujazwa upya. Chupa ya namna hiyo huzunguka mara 20 na zaidi kabla haijachoka. Hakuna mhisani aliyeubuni utaratibu huo, wala sijawahi kuona semina iliyoitishwa kwa ajili yake. Unaendeshwa na ile pesa ya chupa, basi.

Shida ni zile ambazo hazina pesa ya chupa: mvinyo wa Afrika Kusini na Italia, pombe kali, bia za nje, chupa za jemu, za zeituni, za dawa ya kikohozi. Hizo huingia kisiwani na hakuna anayezingoja kule zilikotoka. Hoteli yetu ilikuwa inazitupa katika shimo nyuma ya minazi. Upande wetu ardhi ni jiwe la matumbawe, ukichimba kidogo sururu inalia, kwa hiyo shimo halikukawia kujaa, na likijaa tunachimba jingine. Na kioo hakiozi. Katika magofu ya pwani yetu, kama ya Kilwa Kisiwani, shanga za kioo zilizoletwa na majahazi karne nyingi zilizopita bado huokotwa, na rangi zake zipo. Chupa aliyoiacha mtalii mezani leo itakuwepo wajukuu wa wajukuu zetu wakiwa wazee.

Wazo la kuzisaga sikulizua mimi. Visiwa vingi vidogo duniani vinasaga chupa zao na kutumia mchanga wake kwa ujenzi, na hoja yake nilipoisikia iliniingia mara moja, maana kisiwani kwetu mchanga na mawe vina historia chungu. Kabla ya hifadhi, watu wa Mafia walikuwa wakichimba matumbawe baharini, wakiyajengea nyumba na kuyachoma matanuu ili kupata chokaa. Sheria ya hifadhi za bahari ilipotungwa mwaka 1994, na Hifadhi ya Bahari ya Mafia ikaanzishwa mwaka uliofuata, ya kwanza Tanzania, uchimbaji huo ukawa kosa. Haki kabisa, mwamba ukibomolewa, samaki nao wanahama. Lakini watu hawakuacha kujenga. Walihamia kwenye mchanga wa ufukweni, nao si wa kuchezea. Kisimani, mji wa kale ulioko magharibi mwa kisiwa, sehemu yake kubwa imekwishaliwa na bahari. Kila mtoto wa Mafia anaijua habari hiyo.

Basi nilipowaambia wanakijiji kwamba chupa za hoteli zinaweza kugeuka mchanga wa matofali, na hivyo kuuokoa ufukwe na kulifunga shimo la taka kwa mpigo, sikuwa naota. Hapo sikukosea. Nilikosea katika yote yaliyofuata.

Mashine ilikuja. Ni mashine ya nyundo: unatia chupa juu, ndani kuna mhimili unaozunguka kwa injini ya dizeli, nyundo zinapiga, na kinachotoka chini kinapita kwenye chekeche. Ina kelele ya kumtoa mtu roho na vumbi linalokaba koo, na anayeiendesha bila miwani na barakoa anajitafutia upofu. Wageni waliipenda. Kila mgeni aliyefika alitaka kupigwa picha akitumbukiza chupa yake mwenyewe, na mimi nikisimama kando nikieleza. Nilivikwa kilemba cha ukoka, nikakivaa.

Kosa la kwanza lilikuwa bei. Niliona chupa za hoteli peke yake hazitoshi kuishughulisha mashine, nikapendekeza kamati inunue chupa kutoka kwa wanakijiji, kwa kilo. Niliona ni jambo la kheri: mtu anasafisha uwanja wake na kupata hela ya sukari. Sikukaa kujiuliza kununua kwa kilo kunamfundisha nini mtu. Kunamfundisha kwamba chupa nzima na chupa iliyovunjika ni sawa. Kunamfundisha mtoto kwamba chupa yoyote iliyoko popote ni uzito unaongoja mizani. Haukupita muda watoto wakaanza kuleta magunia, na ndani ya magunia, pamoja na chupa za mvinyo, mlikuwa na chupa za kreti ambazo duka lingezipokea kwa pesa nzuri zaidi kama mtu angejisumbua kutembea hadi dukani. Niliziona. Nikazitia mashineni, kwa sababu nilikuwa na ripoti ya kuandika, na ripoti ilitaka kilo.

Mlikuwa na chupa nyingine pia, na hizi ndizo zinazoniuma.

Mama yangu mdogo ni mpika mafuta ya nazi. Anakuna nazi, anakamua tui, anatoa chicha, anapika mpaka mafuta yanajitenga na yale masimbi ya chini, anayachuja na kuyauza kwa chupa. Chupa zake zote zilikuwa za hoteli, alizokuwa akiziokota au akipewa na wapishi. Kuziosha kwake kulikuwa kazi ya asubuhi nzima. Anaziloweka katika maji ya majivu mpaka lebo inavuka yenyewe. Anatia gao la mchanga na maji kidogo, anaziba kwa kiganja, anatikisa mpaka mchanga umesugua kila pembe. Anasuuza kwa maji ya moto. Kisha anazipachika kichwa chini kwenye vijiti alivyosimika uwanjani, jua lizikaushe ndani. Ukipita kwake asubuhi unaona uwanja mzima umemea chupa, za kijani, za kahawia na nyeupe. Nyeupe ndizo za bei, kwa kuwa mnunuzi huinua chupa juani kuangalia kama mafuta yamekaa safi. Na wakati wa kipupwe, mafuta yanapoganda yakawa meupe kama samli, mtu huiweka chupa ya kioo kwenye maji ya moto na mafuta yanayeyuka. Jaribu hivyo na chupa ya plastiki uone inavyojikunja.

Siku moja vijana walivivua vile vijiti vyote alfajiri, kabla hajaamka, wakaniletea mimi. Sikujua ni zake; ningejua kama ningeangalia, kwa kuwa zilikuwa safi kuliko chupa zote zilizowahi kufika pale. Alikuja mchana na kikapu kitupu.

"Mwanangu, chupa zangu zimefika hapa?"

"Shikamoo, mama. Sijui. Tumekwishasaga za leo."

Aliangalia rundo la mchanga. Katikati ya kijani na kahawia palikuwa na weupe mwingi kuliko siku zote. Nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka uso unaniwaka: nikapima kwa macho chupa zingekuwa kilo ngapi, nikatoa pesa ya kilo hizo, nikampa. Alizihesabu, akaziweka juu ya mashine, akasema, "Hizi hata mafuta ya kupaka ugoko hazinunui," akaondoka. Baada ya hapo alianza kuokota chupa za maji za plastiki. Wateja wake wa Kilindoni walilalamika kwamba mafuta yana harufu. Wanawake wengine wawili watatu waliokuwa wakiuza asali na siki waliingia shida hiyo hiyo, nao hawakuja kuniuliza. Watu wa kisiwani hawapendi kugombana na mradi.

Ajabu ni kwamba, kwa hesabu, hata mchanga wenyewe haukuwepo wa maana. Ningeifanya hesabu hiyo mapema ningejiokoa. Chupa ya kawaida ya mvinyo, tupu, ina uzito wa gramu 400 hadi 500. Tani moja ya mchanga wa kioo inataka chupa 2,000 hadi 2,500. Canter moja ya tani tatu, ile ambayo fundi anaiagiza bila kufikiri anapoanza msingi wa chumba na sebule, ni chupa zaidi ya 6,000. Hoteli yetu, na ya jirani, na ya jirani yake, zingekunywa msimu mzima kupata Canter chache. Nilikuwa nimewaahidi watu kuuokoa ufukwe kwa kitu kisichotosha nyumba za mtaa mmoja. Juu yake kulikuwa na dizeli. Kulikuwa na nyundo pia: kioo ni kigumu, kinakula chuma, na nyundo zikishalika zinaagizwa Dar es Salaam.

Sasa niingie kwenye kuosha.

Maji ni ghali upande wetu. Visima vya karibu na bahari vina chumvi, na majirani zetu wa Jibondo wameishi miaka mingi kwa maji ya mvua na ya kuvusha kwa chombo. Katika mpango wa kwanza tuliandika kwamba kila chupa itaoshwa kabla ya kusagwa. Mwanzo tuliosha. Kisha pesa ya maji ikaanza kuzidi pesa ya dizeli, na mimi ndiye niliyesema, "Kioo hakina shida, kikisagwa kimesafika chenyewe." Sijui nililitoa wapi neno hilo. Nilitamka kwa sauti ya mtu aliyesoma, na hakuna aliyenipinga.

Ndani ya chupa ya mvinyo mtamu, ya soda, ya jemu au ya sharubati, sukari hubaki. Sukari na saruji haziivi chungu kimoja. Saruji ikichanganywa na sukari kiasi cha sehemu moja katika elfu ya uzito wake, yaani gramu 50 kwa mfuko wa kilo 50, karibu robo kikombe, haishiki inavyotakiwa. Inakaa laini muda mrefu, na nguvu inayokuja baadaye haina uhakika. Fundi yeyote aliyewahi kuona kibarua akimwaga chai ya sukari kwenye karai anajua. Mimi nilikuja kujua msikitini.

Paa la msikiti lilikuwa limetengenezwa na pesa zikabaki, wazee wakataka mahali pa kutawadhia papya, kwa kuwa pa zamani palikuwa na utelezi. Nikajitolea mchanga bure. Wakaniuliza lile swali nililokwisha kulisema, nikawapa lile jibu. Nakiri kwamba wakati nikijibu niliona picha ya chupa zenyewe akilini, na lebo zake. Nikajiambia: nikisema, watakataa, na mradi utavunjika, na ufukwe utaendelea kuchotwa. Nikageuza woga wangu ukawa hekima. Hiyo ndiyo namna mtu anavyojidanganya akiwa na kusudi jema; kusudi linamtetea kabla hajashtakiwa.

Tukamwaga zege. Asubuhi yake nilikwenda kulimwagia maji, nikabonyeza kwa kidole, kidole kikazama. Fundi akanitazama. "Saruji imekaa sana ghalani hii," nikasema. Fundi alikuwa mtu mzima kuliko mimi, alijua saruji iliyokaa ghalani inavyokuwa, akanyamaza. Baada ya siku kadhaa likaanza kushika, tukapiga plasta nyembamba juu, watu wakaanza kutawadha.

Masika ya kwanza yalipita salama. Baada ya ya pili sakafu ikaanza kuonyesha mistari, myembamba, inayokatana kama ramani ya mito. Katika mistari ukatoka ute mweupe, ukikauka unakuwa kama chumvi. Hili nalo lina maelezo, nami nililisoma baada ya kuharibu. Saruji ina magadi makali ndani yake, na kioo ni silika. Palipo na unyevu daima, magadi ya saruji hukila kioo, na kinachozaliwa ni ute unaofyonza maji na kuvimba. Ukivimba ndani ya zege, zege hupasuka kutoka ndani. Punje kubwa, kama zilizotoka kwenye chekeche letu, ndizo hatari. Kioo kikisagwa mpaka kikawa unga laini kama wa ngano hakivimbi. Kinasaidia hata kuiongezea saruji nguvu. Lakini unga huo unataka mashine nyingine kabisa na dizeli nyingi kuliko tuliyokuwa nayo. Na mimi, katika kisiwa kizima, niliuchagua mchanga wangu wa punje kubwa nikaumwaga mahali penye maji mara tano kila siku.

Plasta ikalika. Punje zikaibuka juu. Mtoto mmoja wa madrasa akakatwa chini ya kidole gumba, si jeraha kubwa, lakini damu iliyomwagika mahali pa udhu haisahauliki. Niliitwa baada ya sala ya alasiri.

Mzee mmoja, ambaye miguu yake haikubali kuchuchumaa siku hizi, alichuchumaa. Akaidonoa sakafu kwa ukucha mpaka akatoa punje, akaiweka kiganjani, akaielekeza kwenye mwanga. Ilikuwa ya kijani.

"Hii ni chupa, mwanangu."

"Ndiyo, baba."

"Chupa ya nini?"

"Za hotelini, baba."

"Hotelini wanakunywa maji tu?"

Hakuna aliyecheka. Nikasema yote. Nilitazamia wanifukuze, na nusu yangu ilitaka wanifukuze, maana kufukuzwa ni kwepesi kuliko kukaa. Mzee hakunifukuza. Aliniuliza swali moja ambalo lingeweza kuuokoa mradi mzima kama ningeulizwa siku ya kwanza: "Mliziosha?"

Nikasema hapana.

"Chombo kikioshwa kikatakata, kimetakata. Ungetwambia, tungeziosha sisi. Vijana wa kuosha tunao, na maji ya kisima cha msikiti ni ya wote." Akanyamaza kidogo, kisha akasema maneno ambayo sikuyatazamia kutoka kwa mtu aliyekuwa na haki ya kusema makali zaidi: "Ulituona sisi wagumu wa kuelewa. Hata hukujaribu."

Wazee walikuwa na haki ya kuamua juu ya sakafu yao, mimi niliwanyang'anya. Mama mdogo alikuwa na haki juu ya chupa zake, nilimnyang'anya. Watu hao wanajua kuosha chupa na kujua chupa imetoka wapi na inakwenda wapi, na hao hasa ndio ambao sikuwahi kuwaita kwenye kikao chochote. Niliwaita wageni, wenye hoteli, fundi wa mashine na mpiga picha.

Sakafu niliibomoa mwenyewe pamoja na fundi yule yule, na gharama ya kumwaga mpya ilitoka kwenye mshahara wangu. Niliyaeleza yote kwenye kikao cha kamati, nikaandika barua ya kujiuzulu ukatibu. Kamati ilikataa barua, kwa sababu, kama alivyosema mjumbe mmoja, "Umekwishatugharimu, sasa angalau unajua."

Tangu hapo mambo yamebadilika kidogo, si kwa ufundi mkubwa. Hatununui chupa kwa kilo. Chupa nzima haiingii mashineni, kwa amri, na anayeingiza anatoa maelezo. Hoteli inaosha chupa zake yenyewe kabla hazijatoka jikoni, kwa kuwa hoteli ina maji ya moto na wanakijiji hawana. Meneja alinung'unika, kisha akaona ni kazi ya dakika chache kwa mtu anayeosha vyombo. Wauza mafuta, asali na siki wanachagua kwanza, bure. Mama mdogo anachukua nyeupe zote na haniachii hata moja, nami nanyamaza. Wapo vijana wawili wanaokata chupa kuwa bilauri za kuuzia watalii: wanachora mstari kwa kikatio cha vioo, wanamwagia maji ya moto halafu ya baridi mpaka inaachia, kisha wanasugua ukingo kwa msasa uliolowa. Ile njia ya uzi na mafuta ya taa unayoonyeshwa kwenye simu inapasua chupa ovyo, na mbili kati ya tatu zinaharibika.

Zilizovunjika tu ndizo zinazosagwa. Mchanga wake tunautandika chini ya mawe ya njia na kujazia mitaro ya kupitisha maji ya mvua, mahali ambapo haukutani na saruji wala na mguu mtupu. Ni matumizi ya kawaida, hayapigwi picha. Baadhi ya vipande tungependa virudi Dar es Salaam, kwenye tanuru la kutengeneza chupa mpya. Tanuru la kioo linafika nyuzi joto kama 1,500, na kila asilimia 10 ya vipande vya zamani inayotiwa humo hupunguza moto unaohitajika kwa asilimia 2 hadi 3. Lakini vipande vinataka kutengwa kwa rangi, na kigae kimoja cha sahani ya udongo kinaweza kuharibu chupa mpya. Kwa sasa nauli ya chombo inaushinda uzito wenyewe, na sitawaahidi watu tena jambo ambalo hesabu yake sijaifanya.

Nimeandika haya kwa kuwa nasikia mashine kama ile yetu inatarajiwa kwenye visiwa vingine vya pwani hii, na anayeipigia debe anasema maneno niliyokuwa nayasema mimi. Si mashine mbaya. Ni ya mwisho katika foleni, nami niliiweka mbele. Wenye hoteli visiwani, mkiagiza vinywaji, agizeni kwanza vile ambavyo chupa yake ina njia ya kurudi, na anayewaletea mvinyo mwambieni achukue na chupa tupu chombo kinaporudi. Nanyi mnaotaka kutusaidia, kabla hamjatuletea mashine ya pili, tuleteeni tangi la maji ya mvua na brashi za kuoshea chupa.